Joho Lililokatwa kwa Mwingine

6 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Lile begi ulilosema mkanda wake utakatika, umekatika kweli, tena getini mbele ya watu, na nguo zangu za ndani zikatangulia kuingia chuoni kabla yangu. Najua unacheka. Cheka taratibu usimeze pini.

Simu tumenyang'anywa. Mwaka wa kwanza mzima ni barua tu, wanasema inamfundisha mtu kufikiri kabla ya kusema. Nilimwambia mama wa mapokezi kwamba mimi nimelelewa na fundi cherehani, kwetu watu husema hata wakiwa na pini mdomoni. Hakucheka. Hapa hawacheki haraka.

Chumba changu kina vitanda viwili na dirisha linaloangalia uwanja wa kuanikia nguo. Nakaa na binti wa hakimu mmoja mkubwa, nami nimeshambandika jina la Hakimu, maana akikutazama unajiona una kesi. Mpole, lakini hajui kukunja hata shuka.

Sasa sikiliza jambo la kazi yetu. Kwenye ngazi za maktaba kuna picha za wahitimu wa zamani, wanaume peke yao, wamevaa majoho meusi. Majoho yao yana mishono ya kubana kifua, ile tunayoanzia chini ya kwapa kwenye magauni ya wanawake! Kuna mmoja wa miwani, mabega yake yamenyooka kabisa, lakini joho lake limekatwa kwa mtu ambaye bega la kushoto limeshuka. Na bado limemkaa, halijavuta popote. Nilisimama pale mpaka mlinzi akanifukuza. Fundi gani huyo anakata nguo ya mtu mmoja ikamkaa mwingine?

Wote hapa walikuwa wa kwanza walikotoka. Atakayeanguka mtihani wa Desemba anarudishwa nyumbani. Naogopa kidogo, sikufichi.

Msalimie Wifi, sanamu pekee ya kushonea duniani inayotumiwa salamu. Mwambie asisimame mlangoni kutisha wateja.

Pini wako

25 Septemba

Pini wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mbele ya mteja, nikacheka mpaka akaniuliza kama nimepata mchumba. Huku tu wazima. Cherehani kubwa imeanza kula uzi, na bibi harusi wa mwezi huu ananenepa kila akija kujaribu gauni, sijui tutamfunga kwa kamba. Kinyozi wa jirani anakusalimu, anasema chuo kisikubadilishe nywele.

Habari ya picha, umeona vibaya. Ngazi zina giza na macho yako yalikuwa na safari. Usisimame tena pale. Na usipande ghorofa ya juu ya maktaba, hata ukiitwa kwa jina, hata ukiambiwa kuna chai. Usiniulize nimejuaje kama maktaba hiyo ina ghorofa ya juu.

Ukipiga pasi angalia mkono. Baba yako aliichezea hii hii ya dukani akiwa na miaka tisa, ikamwachia alama ya pembe tatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo hadithi yake pekee utakayoipata kwangu, na umeshaisikia mara mia.

Mtihani usikunyime usingizi. Ukianguka, cherehani ya pili ipo na kiti chako kipo.

Wifi amesikia salamu. Amenyamaza, kama kawaida yake.

Shangazi yako

19 Oktoba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bibi harusi aliingia kwenye gauni, au gauni liliingia kwake? Nipe mwisho wa habari.

Mimi masomo yananipiga. Juzi mwalimu aliisoma kazi yangu kwa sauti darasani kama mfano wa kuepukwa, na siku hiyo walicheka haraka. Nasoma mpaka herufi zinahama mstari. Hakimu mwenzangu hasomi kabisa. Anakaa dirishani anamenya machungwa, anakifungua kitabu mara moja, anakifunga, na kesho yake anakisema chote. Kila Alhamisi saa tisa alasiri anatoka na mfuko mweusi wa nguo. Nilimbana anieleze. Akasema kuna wenzake, wanaitwa Ghorofani, na kwamba wameshaanza kunitazama.

Lakini silo nililotaka kuandika. Naomba vipimo vyako. Vyote kumi na viwili, kuanzia shingo mpaka sakafuni, na kila bega kwa zamu yake. Hapa mjini kuna fundi mzuri, nataka akushonee gauni, zawadi yangu. Umewashonea watu miaka thelathini, nani amewahi kukushonea wewe? Usiniulize mengi, utaharibu zawadi. Vifike kabla ya Desemba tafadhali.

Pini

26 Novemba

Pini,

Marahaba. Najua umesubiri. Barua yako ilikaa chini ya pasi zaidi ya mwezi. Kila asubuhi niliinyanyua pasi, nikaisoma, nikairudishia. Mwili hauumwi. Kazi zilikuwa nyingi, basi.

Vipimo ndivyo hivi, kwa inchi. Shingo kumi na tatu na nusu. Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa, nyonga arobaini. Shingo mpaka sakafuni hamsini na sita. Mkono ishirini na mbili. Vingine nimeviandika nyuma ya karatasi. Mwambie fundi wako bega la kushoto limeshuka kwa nusu inchi, asilisahau, wengi hulisahau.

Utasema fundi hawezi kujipima mgongo peke yake, futi ya kupimia hupanda. Usijali. Nimepima vizuri, nimepima mara mbili.

Siulizi huyo fundi ni nani. Umesoma hapo? Siulizi.

Bibi harusi aliingia. Kutoka ndiko kulikomshinda, tukamkatia gauni mwilini.

Shangazi yako

20 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Unakula vizuri? Nguo zako zinakukaa?

Nimefaulu. Nimekuwa wa pili katika watu mia na arobaini, na yule mwalimu aliyenicheka amenishika mkono. Najua ungepiga vigelegele mpaka kinyozi amkate mtu sikio.

Nimeingia Ghorofani. Usikasirike. Hakuna cha kutisha, hakuna anayechinja kitu wala kulia. Alhamisi saa tisa tunapanda juu ya maktaba, tunavaa majoho, tunakaa vitini tunasoma mpaka jua lishuke, tunavua, tunaondoka. Ukishalivaa, unachokisoma kinabaki. Langu limenikaa mpaka nimeshangaa, mimi ninayejua nguo.

Lina harufu ya chaki, sabuni ya kipande na kitu kingine. Harufu ninayoijua lakini siikumbuki. Siku ya kwanza nililia, na sikuwa na sababu.

Na nina njaa. Nakula sahani mbili na mkanda wa sketi umeingia tundu mbili ndani. Labda ni baridi.

Gauni lako bado, fundi anachelewa. Nijibu upesi kama nguo zako zinakukaa. Niambie ukweli.

Pini

15 Januari

Pini wangu,

Marahaba, na hongera, na vigelegele nimepiga! Kinyozi hakumkata mtu sikio, alimkata ndevu upande mmoja tu.

Nguo zangu zinanikaa. Sijapungua hata uzi, nimenenepa kwa raha. Duka limechangamka. Wifi nimemwondoa mlangoni, jua lilikuwa linampiga, nimemweka karibu na meza ya kukatia ambapo naweza kumwona. Amekuwa mzito. Zamani nilimbeba kwa mkono mmoja, safari hii nimemwita kinyozi anisaidie. Akasema, "Mama, mbona hiki kitu kina joto?" Nikamwambia si nimesema lilikuwa jua.

Nimeanza kuimba tena nikishona, nyimbo za ujanani ambazo sikujua kama bado ninazo. Nikisahau mstari naupata papo hapo, kama nimekumbushwa. Chai napika vikombe viwili. Usinicheke.

Wewe kula, vaa sweta. Wanafunzi wote hupungua. Na likizo ijayo usije, mwanangu, duka limejaa.

Shangazi yako

13 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina utani.

Hakuna fundi mjini, na hakuna gauni. Joho la Ghorofani hukatwa kwa vipimo vya mtu wa nyumbani anayekupenda. Linamtafuta yeye tu. Kama hakupendi, halikukai. Kama anakupenda, linakukaa, nawe unachota kwake nguvu, akili, afya, na yeye huko aliko anapungua. Hakimu alinieleza yote hayo kabla sijakuandikia kuomba vipimo. Nilijua, shangazi. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu na wewe una mwili wa kutosha. Nilikuuza kwa ajili ya mtihani. Sitaandika nisamehe kwa sababu sioni pa kuliweka hilo neno.

Mwezi uliopita bibi yake Hakimu alikufa, aliyemlea. Wiki hiyo hiyo Ghorofani walimletea karatasi mpya, na nilimwona akijaza vipimo vya mdogo wake wa kike huku machozi yanadondoka kwenye wino. Sikumzuia.

Lakini mimi joho langu linakwenda kinyume. Wewe unanenepa, mimi naisha. Kiuno changu kilikuwa ishirini na saba, leo ni ishirini na mbili. Nimejipima mwenyewe, futi haikupanda. Pete imeniponyoka bafuni. Alhamisi nikilivaa nasikia mtu anavuta pumzi ndani ya bitana, kwa shukrani. Na siwezi kuacha kulivaa. Ukikosa Alhamisi tatu mfululizo linamgeukia aliyelivaa na kummaliza.

Leo alikuja Mlezi wa Ghorofani, mzee wa miwani, yule yule wa kwenye picha. Alikuwa anatukagua kwa kugusa mabega. Alipofika kwangu akashika bega la kushoto akaganda. Akaniuliza, "Nani amekupa vipimo hivi?" Nikasema shangazi yangu. Akakaa chini sakafuni pale pale, na mkono wa shati ukapanda. Shangazi, kuna alama ya pasi kwenye kifundo chake, pembe tatu.

Alisema neno moja tu, "Mwambie dada amekosea," akaondoka.

Ulimpima nani?

Pini

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, na hapo ndipo penye kosa.

Baba yako alipokuwa hapo chuoni, mama yako alikaa na mimi, wewe ukiwa tumboni. Kaka yangu aliandika barua kama yako, neno kwa neno: nitumie vipimo vya mke wangu, nataka kumshonea zawadi. Nilimpima mimi. Tulicheka siku ile, mama yako alikuwa na bega la kushoto lililoshuka, nikamwambia ni kwa kubeba umbea. Nikaviweka vipimo kwenye bahasha, nikapeleka posta kwa mguu wangu.

Miaka mitatu alipungua. Madaktari hawakuona kitu. Nilimpunguzia magauni mara tano. Mara ya tano nilitumia kitambaa cha mtoto. Kaka yangu alipohitimu akalivua joho, likafumuliwa, na mama yako hakurudi hata ratili moja. Alikufa wiki ile ile. Kaka alikuja kunieleza yote hapa dukani, nikamfukuza kwa mkasi. Wewe ulikuwa umekaa chini unaokota pini.

Sanamu niliijaza pamba kwa vipimo vyake vya kwanza, alipokuwa mzima, ili nisivisahau. Ndiyo maana naiita Wifi. Uliponiandikia, nilijua unachotaka kabla sijamaliza mstari. Nikachukua futi nikapima sanamu. Nikasema, mti na pamba vina nini cha kuchotwa? Joho halitapata kitu, watakufukuza Ghorofani, utarudi nyumbani umeanguka mtihani lakini mzima.

Sikufikiri kwamba vipimo si vya mti. Ni vya mtu, na mtu huyo alikupenda kuliko wote. Marehemu hana cha kutoa, mwanangu. Ana cha kupokea tu.

Na nina jingine, baya kuliko hilo. Tangu Krismasi nilijua. Sanamu inapumua. Nikishika kitambaa upande huu, upande wa pili kinanyooka, kama alivyokuwa akinishikia. Uliposema mkanda umeingia tundu mbili nilielewa, nikakuandikia uvae sweta. Nilikukataza kuja. Nilikuwa na wifi yangu tena na nilikuwa na furaha, Pini. Nilikuona unaisha kwenye karatasi na nikapika chai vikombe viwili.

Leta joho. Usilikate, usilichome. Tukilifumua sasa utabaki hivyo ulivyo, na mama yako hakupona alipobaki alivyo. Lazima urudishiwe, na kurudishiwa kunatoka kwa mtu. Mimi ni fundi, nitalirekebisha.

Shangazi

28 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Joho nimelitoa kupitia kwa mpishi wa chuo, dada yake anapanda basi la huko kesho. Jana nililivaa, kwa hiyo una Alhamisi mbili tu za kukaa nalo.

Usiliweke kwa vipimo vyako. Nimekuuza mara moja, siwezi mara ya pili. Niapie.

Msalimie mama.

Pini

14 Machi

Mwanangu,

Joho hilo, limefungwa kwenye gazeti.

Nililifumua Jumapili mchana, milango wazi, watu wanapita. Nilianzia bega la kushoto. Uzi ulikuwa hautoki, nikahisi kuna mtu ameshika ncha ya pili. Hakuwa ananizuia. Alikuwa ananishikia usijikunje, kama zamani, na kila nilipovuta aliachia kidogo. Nilimsalimia kwa niaba yako. Ulipotoka uzi wa mwisho sanamu ilikuwa nyepesi, nikaibeba kwa mkono mmoja nikaiweka stoo. Nimelia vya kutosha, usiniongezee.

Nimelikata upya. Kwenye daftari langu la kwanza kabisa kuna vipimo vya kaka yangu, suti yake ya kuanzia chuo. Kwa kimo hajabadilika, kwa mabega hajabadilika. Livae Alhamisi tatu, mbele yake, uchote kile alichochota kwa mama yako. Alhamisi tatu, Pini, si zaidi, kisha uniletee tulifumue.

Joho halimchoti asiyekupenda. Ndani ya bitana, ubavu wa kulia, kuna mshono mmoja mweupe. Kama halikukai, uvute, litaongezeka inchi mbili na litakuwa langu. Ulinikataza, nimesikia, na nimeshona.

Shangazi yako

24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Habari za kinyozi? Habari za cherehani kubwa? Mimi mzima. Pete imerudi kidoleni, mkanda uko pale pale pa Septemba, na leo nimekula sahani moja nikashiba.

Mshono mweupe sijaugusa. Limenikaa. Siku ya kwanza nilisimama mbele yake nikafunga vifungo kimoja kimoja huku nasubiri livute, lipwaye, linyanyuke mgongoni. Likanikaa kuliko nguo yoyote uliyonishonea, na mikono yako naijua. Unaelewa maana yake. Miaka kumi na sita hakuniandikia mstari mmoja, na joho linasema ananipenda.

Yeye alijua mara moja. Anakuja kila Alhamisi, anakaa kiti cha mbele yangu. Wiki ya tatu alikuja kola imeshikwa na pini. Wiki iliyopita alishikwa mkono kwenye ngazi.

Ulisema Alhamisi tatu. Leo ni ya sita. Mtihani wa mwisho ni Juni, nami najibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, lakini sikudanganyi kwamba ni mtihani. Nikilivua nitajuaje tena? Nikiwa nimelivaa naliona, nalishika, lina vifungo. Na yeye alimvaa mama miaka mitatu, shangazi. Mimi nimemvaa wiki sita.

Pini

5 Mei

Pini,

Kaka yangu yuko hapa.

Aliingia jana adhuhuri. Nilidhani ni mteja amemtuma mtoto, maana nilimwona kwa nyuma ya kioo na suti ilikuwa inatembea peke yake. Akasimama pale nilipomfukuzia. Akasema, "Dada, nipunguzie suruali." Basi. Miaka kumi na sita, na hilo ndilo neno.

Nikampima. Kiuno chake ni cha mama yako nilipompunguzia gauni mara ya nne.

Nilijiandaa kufurahi. Nimejiandaa tangu siku ile ya mkasi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyanoa. Nimeshika futi kiunoni kwake, inazunguka na kubaki, na maneno yote yamenitoka. Suruali nimeipunguza. Mkono ulikuwa unajua kazi hiyo, nami nikauchukia.

Anasema nisikuandikie. Anasema umalize mwaka, anachotoa anatoa mwenyewe. Mama yako pia angetoa mwenyewe kama angeulizwa. Hakuulizwa, lakini najua angetoa, na ndiyo maana nasema hapana. Mimi nilipeleka vipimo vyake posta, mimi nilikata joho ulilovaa sasa. Safari hizi mbili ni zangu. Ya tatu usiifanye wewe.

Humu ndani nimekuwekea kifumulio changu, kile cha mpini wa mfupa. Anzia bega la kushoto. Ukimaliza, yote uliyoyasoma kwa joho yatakutoka, utabaki na ulichokijua kwa kichwa chako. Sijui ni kingi au kidogo.

Unataka kujua kama anakupenda. Njoo umwulize, mwanangu. Yuko hapa, ana mdomo.

Shangazi yako

15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bahasha imefika jana. Kifumulio kilinichoma kidole nikiifungua, nikajua ni chenyewe.

Leo Alhamisi sikupanda. Nilifunga mlango, nikalitandika joho kitandani. Hakimu aliingia kwa ufunguo wake, akasimama akinitazama kwa lile jicho lake, nikajua atawaita wenzake. Akakaa upande wa pili akaninyooshea kitambaa. Hajui kukunja shuka, lakini alinyoosha. Nilipomaliza akafungua mfuko wake mweusi, akatoa lake, akaniomba kifumulio.

Kitabu kilichokuwa mezani nimekifungua baadaye. Nimekisoma kama mgeni. Juni nitafanya mtihani kwa kichwa changu, nitaanguka, nitakuja.

Lakini nieleze jambo moja. Nilipofika kwapani uzi ulikaza, na nikahisi mtu ameshika ncha ya pili, anaachia kidogo kidogo. Uliniandikia kwamba mama alikushikia hivyo, na mama ni marehemu. Ilikuwa saa tisa na robo alasiri. Sikuulizi kitu kingine. Niandikie tu baba alikuwa anafanya nini saa tisa na robo.

Pini

21 Mei

Pini wangu,

Marahaba. Cherehani kubwa imeacha kula uzi, kinyozi anakusalimu.

Saa tisa na robo ile Alhamisi baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa cha mtu mapajani, ananishikia pindo. Akakiachia kitambaa. Akainua mikono miwili hewani, akawa anaachia kitu ambacho mimi sikukiona, taratibu, kidole baada ya kidole. Nikamwuliza ana nini. Akasema, "Kaa kimya dada, mtoto anafumua."

Alipomaliza alilala pale pale kitini mpaka magharibi. Nilikaa mbele yake nikimtazama kifua. Anapumua. Anapumua mpaka ninapoandika hivi.

Hatarudi alivyokuwa, daktari amesema, nami nilijua kabla ya daktari. Suruali niliyompunguzia bado inampwaya, ila tangu siku ile haijazidi kumpwaya. Chai bado napika vikombe viwili, na sasa vyote vinanyweka.

Nilimwambia kama ana neno na wewe aliandike mwenyewe, mimi nimechoka kupelekea watu bahasha. Nikampa kalamu asubuhi. Ameharibu karatasi nane. Ameniuliza jina lako la utani limetoka wapi, nikamwambia ni zile pini ulizokuwa ukiokota siku ya mkasi, akavuta karatasi ya tisa. Posta inafungwa saa kumi na hajamaliza, kwa hiyo nimeichukua ya tisa hivyo hivyo ilivyo nikaitia humu. Ina neno moja tu, "Mwanangu," na nafasi yote iliyobaki chini yake.

Shangazi yako